Sauti ya Tatu Haikuingia: Kisa cha Kwaya ya Wanafunzi Iliyosahau Wimbo Wake

Wimbo ule huanzishwa na sauti ya tatu peke yao. Mapigo manne ya wanaume sita saba, kisha sauti ya nne, yaani besi, wanaingia kwa chini, wanawake wanapokea, na ukumbi mzima unajua kwaya imeshafika. Tumefungua nao mahafali, tumepokea nao wageni, tumeuimba mpaka kwenye msiba wa mwanafunzi mwenzetu kule Kimara. Jumamosi moja mwishoni mwa 2020, katika chumba cha semina ambacho feni moja huzunguka na nyingine huitazama, mwalimu wa kwaya alitoa sauti, akainua mkono, akaushusha.

Kimya.

Sauti ya tatu wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwalimu akarudia, "Do... so. Haya, sauti ya tatu, twende." Kijana mmoja wa mstari wa mbele, mpole, mwaka wa kwanza, kitambulisho cha chuo bado hajapata, akasema, "Samahani mwalimu, huu hatujafundishwa." Mwalimu akageukia nyuma kuwatafuta wanaoujua. Nyuma hapakuwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa besi tangu sekondari, na mstari wa sauti ya tatu alikuwa ameusikia kwa miaka miwili bila kuushika hata siku moja. Mahafali yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Nilikuwa katibu. Tangu wakati huo viongozi wa kwaya za vyuo vingine wameniuliza mara kadhaa, tena kwa kicheko, imekuwaje kwaya ya watu karibu hamsini ikasahau wimbo wake yenyewe. Naeleza hapa mara moja. Jina la chuo na la kwaya nayaacha. Kiko Dar es Salaam, inatosha.

Tulijiita kwaya mchanganyiko, na mchanganyiko wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Kwanza sauti za kike na za kiume, kama kwaya nyingi. Pili dini na madhehebu. Wakatoliki walikuja na noti za mistari. Walutheri, Wamoraviani na Waanglikana walikuja na solfa, yaani noti za herufi. Waliotoka makanisa ya kiroho walikuja na masikio, na nisingependa kushindana na masikio yale. Walikuwepo pia Waislamu wachache waliokulia kwenye kaswida. Mmoja wao, dada wa Tanga, ndiye sauti ya kwanza bora niliyowahi kusimama nyuma yake. Nyimbo tulizichagua kwa kupatana: za makabila zilizopangwa sauti nne, wimbo wa taifa, za kidini chache ambazo hazikumkwaza mtu, na huo wetu.

Hakuna mhadhiri aliyetuendesha. Tulikuwa na mlezi, ndiyo, mtu mwema ambaye saini yake ilihitajika kupata chumba, na kila alipotuona aliuliza tunaendeleaje na kwenda zake. Mengine yote yalikuwa mikononi mwa wanafunzi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwalimu, mpiga kinanda, mtunza sare, na kiongozi mmoja kwa kila sauti. Uchaguzi ulifanyika Mei. Katiba yetu ya kurasa nne ilisema mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu lazima watoke mwaka wa tatu, "kwa sababu ya uzoefu." Kifungu hicho ndicho mshitakiwa wangu mkuu, ingawa siku ile kwenye chumba cha semina hakuna aliyekikumbuka.

Umri wa kwaya wenyewe ulikuwa ugomvi. Bango lilitaja mwaka mmoja wa kuanzishwa, katiba ikataja mwingine, tofauti miaka miwili. Halafu kulikuwa na picha moja ya karatasi, ile yenye tarehe za rangi ya machungwa pembeni, iliyopigwa mwaka uleule wa bango. Waliomo ndani yake wamevaa sare za kitenge ambazo tayari zimechujuka. Kitenge hakichujuki siku ya kwanza. Wakongwe waliokuja kutusalimia walijaza pengo hilo kwa hadithi, kila mmoja na yake, na kila hadithi ilimfanya msimuliaji awe karibu kidogo na mwanzilishi.

Sasa niseme jinsi nyimbo zetu zilivyotunzwa, maana shimo lilikuwa hapo.

Solfa ilisukwa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeianzisha. Mchungaji John Curwen akaitengeneza upya na kuieneza. Wamisionari waliibeba mpaka Afrika kwa sababu rahisi: haidai karatasi ya mistari, haidai kinanda, na mtu aliyejua kusoma herufi ameshaivuka nusu ya njia. d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha hutenga pigo na pigo, nukta moja hulikata pigo katikati, kistari huishikilia sauti iendelee. Mashine ya taipu ya kawaida iliweza kuandika wimbo mzima. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za watu katika ibada mwaka 1963, watunzi wa Kitanzania walimwaga nyimbo za Kiswahili, na nyingi tulizozirithi zilikuwa za noti za mistari. Kwaya yetu ikawa na maandishi mawili, na wachache walioweza kuyasoma yote.

Njia ya mkato ikazoeleka. Wimbo mpya ukifika, mwalimu anaandika sauti nne ubaoni kwa solfa, na kila sauti inanakili mstari wake tu. Kwa nini sauti ya kwanza ijichoshe kunakili besi? Baada ya hapo ubao unafutwa. Wimbo mmoja unabaki vipande vinne katika madaftari ya watu tofauti, na mzima wake uko mahali pamoja tu: kwenye daftari la mwalimu.

Wimbo wetu mkuu ulikuwa na udhaifu zaidi, kwa sababu ulipendwa. Hakuna aliyeuandika. Ulipita kwa ukaaji: wa mwaka wa kwanza anaketishwa katikati ya wakongwe wawili wa sauti yake, anaimba kwa kudokoa, wiki ya tatu anaimba kwa kuamini, mwisho wa semista wanamwondoa katikati na kumpima akiwa pembeni. Hapakuwa na jina la utaratibu huo wala kifungu cha katiba. Mafunzo hayo yalifanyika semista ya pili, kuanzia Machi, kwa kuwa mahafali huja mwishoni mwa mwaka, wakati wa mwaka wa kwanza ndiyo kwanza wanatafuta vyumba na kusubiri bumu, fedha za mkopo wa masomo. Mahafali yao ya kwanza husikiliza. Ya pili huimba.

Nadhani unaona tunakoelekea.

Januari 2020 ndipo tulipopata pigo la kwanza, na tulilichukulia kama kero ndogo. Serikali ilitaka laini zote za simu zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, siku ya mwisho ikiwa 20 Januari. Laini ya kwaya, iliyokuwa na michango yetu, laki sita na ushee, ilikuwa kwa jina la mweka hazina wa miaka mitatu nyuma. Dada yule alishamaliza chuo, alikuwa Sumbawanga anafundisha kwa kujitolea. Laini yake mwenyewe aliisajili. Ya kwaya aliisahau, na sisi tulisahau kwamba ni yake. Ikazimwa. Tukampigia, akaomba radhi, akaahidi akija Dar atakwenda kuifuatilia. Fedha tulijua zipo. Tulichosahau ni kwamba namba hiyohiyo ndiyo iliyofungua kundi la WhatsApp la wakongwe, na ndiyo pekee iliyokuwa kiongozi wa kundi. Simu ya kwaya ilipoharibika na kubadilishwa, programu ikadai msimbo wa kuthibitisha, na msimbo ulitumwa kwenye laini iliyokufa.

Machi ikafika. Tarehe 17 shule zilifungwa kwa sababu ya corona, vyuo vikafuata kesho yake. Tulikuwa ndiyo kwanza tumewaketisha wa mwaka wa kwanza katikati ya wakongwe. Mazoezi mawili, labda matatu. Watu wakafungasha, hosteli za Mabibo zikawa tupu, mabasi ya Ubungo yakajaa. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni na kwetu ratiba ilibanwa: vipindi mpaka Jumamosi, mitihani ikifukuzana. Saa za mazoezi ziliyeyuka. Uchaguzi wa Mei haukufanyika Mei wala mwezi mwingine. Majina yetu yalipendekezwa kwa ujumbe wa simu, tukajikuta viongozi. Mwaka wa tatu wakaandika utafiti wao, wakafanya mitihani, wakaondoka. Hakuna aliyemkabidhi mwenzake chochote isipokuwa ufunguo wa kabati la sare.

Kwa hiyo Jumamosi ile sauti ya tatu ilikuwa hivi. Waliomaliza, wamemaliza. Wa mwaka wa pili, watano, ndio waliokatishwa Machi. Wa mwaka wa kwanza wageni kabisa. Na wa mwaka wa tatu, ambao ndio wangekuwa daraja, walikuwa watatu tu tangu mwanzo: mmoja alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, mmoja aliahirisha mwaka, na wa tatu aliombwa na mwalimu aliyepita ahamie besi kwa kuwa besi walikuwa wachache. Huyo alisimama mbele yetu akijaribu kukumbuka. Aliimba mapigo mawili, akaingia kwenye mstari wa besi kama gari linalorudi lenyewe kwenye mfuo wa barabara.

Tulianza kutafuta. Madaftari kwanza, kwa tumaini kwamba mtu aliwahi kuuandika bila sisi kujua: mwalimu wa zamani alikuwa Mpanda, akasema lake aliliacha kwa mwenzake wa chumbani. Mwenzake akasema alihama hosteli na makaratasi yote aliyaacha kwenye boksi chini ya ngazi. Boksi halikuwepo. Anayejua Dar anajua karatasi za daftari huishia wapi. Sitaapa, lakini kwa wiki kadhaa kila niliponunua karanga niliifungua ile karatasi na kuisoma pande zote mbili.

Hatukuwa wa kwanza kupotewa na daftari, na mfano mkubwa tunao karibu kuliko tunavyodhani. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ndio tunaousimamia sisi tukiimba Mungu ibariki Afrika. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono, kwa solfa, kwenye daftari la shule. Alifariki 1905. Inasimuliwa kwamba daftari liliendelea kuazimwa na walimu wa kwaya wengine mpaka likapotea. Uliobaki ulibaki kwa kuwa umeimbwa na wengi. Wengine wa daftari lile je? Wazo hilo lilinisumbua kuliko laki sita zetu.

Tukageukia simu. Kila mtu ana video za mahafali. Tulikusanya kumi na moja. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku, kicheko cha kukata tamaa. Hakuna video hata moja yenye mapigo manne ya mwanzo. Mtu huanza kurekodi akishasikia kwaya imeanza. Anatoa simu, anaifungua, anageuza kamera, na kufikia hapo besi wameingia. Na ndani ya wimbo, simu ilinasa sauti ya kwanza, vigelegele, mtoto analia, na mama mmoja akisema "sogea kidogo basi". Sauti ya tatu haisikiki. Ndiyo kawaida yake, ikifanya kazi vizuri huisikii, unasikia tu kwamba kwaya imejaa.

Wakongwe? Kundi lao lilikuwa upande wa pili wa laini iliyozimwa. Tulipata wanne kwa namba za mtu mmoja mmoja, wote wanawake.

Aliyetuokoa ni yule mpole wa mwaka wa kwanza. Alikulia kwenye kwaya ya usharika mkoani Kilimanjaro, solfa aliisoma kabla ya hesabu za sehemu. Alituomba sauti tatu zilizobaki tumwimbie polepole, moja moja, naye akaandika zote kwenye karatasi moja, mstari juu ya mstari, akaacha nafasi tupu katikati. Halafu akaanza kujaza. Penye besi do na wanawake mi na so, hakuwa na mengi ya kuamua. Penye besi fa na sauti ya kwanza la, akaona pamepungua do, akaiweka. Alikwenda hivyo usiku mbili, anaandika, anafuta, anaimba kwa kunong'ona ili asiwaamshe wenzake. Shimo la ndani ya wimbo lilijazwa kwa kusikia ni noti gani inakosekana. Lakini mapigo manne ya mwanzo hayana sauti nyingine ya kuyabana. Hayo hakuyakumbuka, hakuweza kuyakumbuka, kwa sababu hakuwahi kuyasikia. Aliyatunga.

Tuliimba. Ukumbi ulisimama kama kawaida. Baada ya hafla, nje, chini ya mwarobaini, kwenye foleni ya kupiga picha, alitujia mzee mmoja wa suti, ameshika shada la binti yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeimba vizuri sana. Ila ile siyo sauti yetu ya tatu."

Alikuwa mkongwe wa kwaya yetu, na ukimtazama vizuri unaweza kumwona kwenye ile picha yenye sare zilizochujuka, wa pili kutoka kushoto. Akatusimamisha hapohapo, akafumba macho, akatuimbia mapigo manne. Yalikuwa tofauti kabisa: yetu yalipanda, yake yalishuka, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba akiinama. Safari hii simu ilikuwa tayari inarekodi.

Watu walipotaka maelezo, jibu la haraka lilikuwa corona, na lilikubalika kwa kila mtu kwa sababu halimlaumu yeyote. Mimi silikubali. Miezi miwili na nusu ya kufungwa haiwezi kuua wimbo wa miaka ishirini na zaidi. Kilichouua ni kwamba tuliuweka mahali ambapo miezi miwili na nusu ingeweza kuufikia.

Hesabu yake ni hii. Shahada nyingi ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mtu anajifunza. Wa tatu, semista ya kwanza yupo, ya pili mwili upo kwaya na akili ipo kwenye utafiti na kutafuta kazi. Unaobaki ni mwaka wa pili. Huo ndio unaoibeba kwaya kweli. Na katiba yetu iliutazama mwaka wa pili kama chumba cha kusubiria. Uongozi wote ulikuwa mikononi mwa watu wanaoondoka, waliokabidhi madaraka wiki ileile ya mitihani ya mwisho, kwa watu ambao nao walikuwa na mwaka mmoja tu wa kuishi. Kila mwaka kwaya ilizaliwa upya ikidhani inaendelea. Iliwezekana kwa muda mrefu kwa sababu ya ule ukaaji, wakongwe wawili na mgeni katikati, uliofanya kimyakimya kazi ambayo katiba haikuifanya. Ulipokatika msimu mmoja, hapakuwa na kitu chini yake.

Mei 2021 tulipeleka hoja ya kubadili kifungu. Mkutano ulikuwa mkali. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akauliza, "Yaani watoto watuongoze?" Watu wakacheka, lakini hoja yake haikuwa ya kijinga: mwaka wa pili hawana uzito mbele ya ofisi za chuo, na wakienda fildi, mafunzo ya vitendo, hupotea. Tulipatana nusu kwa nusu. Mwenyekiti na mweka hazina watoke mwaka wa pili, wa mwaka wa tatu wabaki washauri. Walimu wawe wawili, mmoja wa tatu na mmoja wa pili, na anayebaki ndiye mwenye daftari. Wimbo wowote uandikwe sauti nne kwenye karatasi moja. Kukaa katikati ya wakongwe kuliandikwa katibani kwa mara ya kwanza, na kuanza semista ya kwanza badala ya Machi.

Siwezi kusema imekuwa asali. Mwenyekiti wa kwanza wa mwaka wa pili alipata sapu tatu, mitihani ya kurudia, na kujiuzulu. Fedha tulizihamishia akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na tangu hapo kila anayetaka nauli ya kwenda Kariakoo kununua kitenge analalamika kwamba zamani ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kweli. Nyimbo zimepigwa picha na kuwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nilipouliza juzi nywila iko kwa nani nilijibiwa, "Ipo, kaka, iko kwa mtu."

Wimbo wetu uko ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, lenye jalada gumu, na mianzo miwili imeandikwa mmoja juu ya mwingine. Tulipowapigisha kura sauti ya tatu, waliokuwepo wote walichagua ule wa kijana wa mwaka wa kwanza. Ndio walioufundishwa, ndio wanaoujua. Wa mzee huimbwa wakongwe wakija. Dada wa Sumbawanga alifika Dar mwaka uliofuata, akaenda na kitambulisho chake kufuatilia laini, akaturudishia fedha zetu zote. Kundi la wakongwe halikurudi. Tumeanzisha jingine, viongozi wa kundi sita, na mzee wa suti yumo; kila Jumapili jioni anatuma sauti ya nusu dakika akiimba kitu kutoka enzi zake, na yule mpole, ambaye baadaye akawa mwalimu, anaandika.